Barbados: chagua upande kabla hujachagua hoteli

Leo nawapeleka mbali kidogo, na mwenye kuona hayamhusu asiharakishe kufunga, kwani watu wetu siku hizi wametapakaa na mwaliko wa safari huja bila hodi.

Mimi ulinijia kupitia binti wa kakangu. Alizaliwa Mombasa, akakulia London, na aliyemposa ni kijana wa huko huko London ambaye kwao ni Barbados, katika familia za Waislamu wa asili ya Gujarat. Nikahi ikafungwa London, walima ikapangwa kwa nyanya wa bwana harusi, Bridgetown. Ndipo nikapata ujumbe: "Ami, wewe ndiye uliyesomea hoteli. Tutafutie pahali tukae sote siku kumi. Bibi naye yuaja." Sote maana yake watu kumi na mmoja. Mmoja ni mamangu, ana miaka 74 na goti bovu. Watatu ni watoto. Na fedha ni za kakangu, alizozichanga kidogo kidogo kwa kuendesha basi. Hoteli ikiwa mbaya katika safari kama hiyo, hakuna wa kukurudishia siku zako.

Nina stashahada ya usimamizi wa hoteli, na nilikaa mapokezi katika hoteli za Pwani ya Kusini miaka kumi na moja kabla ya kuishia kwenye kalamu. Najua hoteli hujiuza vipi. Kwa hivyo sikuanza na picha za vyumba. Nilianza na ramani.

Barbados ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kama kilomita 34, upana 23, na eneo lake kilomita mraba zipatazo 430, yaani hata nusu ya Pemba hakifiki. Watu wake hawafiki laki tatu. Mtu akisikia hivyo husema basi popote ni karibu, chagua ile inayopendeza. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu kisiwa hiki kidogo kina bahari tatu tofauti, na tofauti hiyo yaletwa na upepo.

Sisi tumelelewa na pepo mbili. Kaskazi ikivuma bahari huwa hivi, kusi ikivuma huwa vile, na mvuvi yeyote wa Shimoni au Kipini atakueleza ni miezi gani bahari yake yaingilika. Kule hakuna zamu. Upepo wao mkuu, ule ule uliosukuma merikebu za Wazungu kuvuka Atlantiki, hutoka mashariki na kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima. Nacho kisiwa cha Barbados kimekaa peke yake, mashariki ya safu ya visiwa vya Karibi, hakina ndugu wa kukikinga. Mawimbi yaliyoanza safari upande wa Afrika hayakuti kitu njiani mpaka yapige pale.

Kwa hivyo upande wa mashariki, pahali kama Bathsheba, bahari ni ya kutazama. Miamba mikubwa imesimama majini, povu laruka, na vijana wa kuteleza juu ya mawimbi hutoka dunia nzima kuja kucheza. Nyumba za wageni za huko ni za kimya, zina baraza na upepo mzuri, na picha zake ni za kukuliza. Lakini kuogelea hapana. Mikondo ya pale haina mzaha. Mtu aweza kukaa kwenye vidimbwi vya miambani maji yakiwa yamepoa, basi. Ukiwapeleka watoto watatu wa Kimombasa pahali wanapoiona bahari siku kumi na hawaruhusiwi kuiingia, hiyo si likizo, ni adhabu.

Upande wa magharibi ni kinyume chake. Kisiwa chenyewe chakinga upepo, na maji hutulia kama birika la msikiti. Hapo ndipo parokia ya St. James, mji mdogo wa Holetown, na juu zaidi Speightstown. Na kwa kuwa maji yametulia, fedha nazo zimetulia hapo. Sandy Lane, hoteli ambayo matajiri wa Uingereza wamekuwa wakiiendea tangu mwaka 1961, iko upande huu, na pwani nzima wameipa jina la platini. Kuna nyumba za bei nafuu ukipanda Speightstown, lakini ukitaka kula nje kila siku mfuko wahisi. Kwa mtu mwenye watoto wadogo sana au mzazi asiyeyaweza mawimbi, na ambaye mwenye kulipa hahesabu, upande huu hauna mfano.

Kusini ni katikati ya hizo mbili. Ni parokia ya Christ Church: Hastings, Rockley, Worthing, St. Lawrence Gap, mpaka mji wa wavuvi wa Oistins. Upepo wapita, kwa hivyo usiku hukoi jasho. Mawimbi yapo lakini ni ya kuchezewa, na pahali pengine kama Worthing mwamba wa matumbawe wayavunja kabla hayajafika. Ukisogea mbele zaidi kusini kabisa, Silver Sands, upepo huwa wa wenye tanga na kishada, si wa mama mzee. Na pale kona ya kusini-magharibi, mlangoni mwa Bridgetown, kuna ghuba ya Carlisle yenye utulivu wa magharibi na bei zinazokaribia za kusini. Barabara yapita, magari ya abiria yapita, maduka yapo, na ufuo wa Rockley watu wauita Accra. Kutoka hapo mpaka Hastings wamejenga njia ya mbao na saruji kando ya maji, kiasi cha kilomita moja na nusu, tambarare. Niliposoma habari za njia hiyo nikalikumbuka goti la mamangu, na nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Mambo mawili zaidi ya bahari, ambayo tovuti za hoteli hazitakwambia. Moja ni mwani. Tangu mwaka 2011 mwani wa rangi ya kahawia, unaoitwa sagasamu, umekuwa ukielea kutoka Atlantiki na kutua kwenye visiwa hivi miaka mingi, mwaka mwingine haba, mwaka mwingine milima. Huu si ule wanaolima akina mama wa Kibuyuni wakapata riziki. Huu ukioza ufuoni wanuka kama yai viza na waharibu hata vyombo vya fedha. Hupiga mashariki na kusini-mashariki zaidi, kusini mara kwa mara, magharibi ni nadra. Kwa hivyo ukisoma maoni ya wageni waliotangulia, usisome ya miaka mitatu iliyopita. Soma ya mwezi uliopita, na utafute neno mwani.

La pili ni maji kujaa na kupwa. Kwetu bamvua likitoka waweza kutembea mpaka kwenye mwamba, na hoteli zetu zimezoea kuwaeleza wageni kwa nini bahari imehama. Kule tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata mita moja. Bahari haihami. Uzuri wake ni kwamba waogelea saa yoyote. Ubaya wake ni kwamba ufuo mwingi ni mwembamba, na hoteli zimekaa karibu na maji kiasi kwamba mawimbi yakiongezeka kidogo mchanga wapotea na mgeni abaki na ukuta. Uliza ufuo una upana gani mbele ya hoteli hiyo. Mpokezi mwaminifu atakujibu, na asiyejibu amekujibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonikaa rohoni zaidi. Barbados fukwe zote ni za umma. Hoteli yaweza kumiliki kiti, mwavuli, na baa iliyoko juu ya mchanga, lakini mchanga wenyewe, pale maji yanapopiga, ni wa kila mtu. Si kwamba hawana ugomvi. Upande wa magharibi watu walalamika miaka mingi kwamba majumba na hoteli zimejipanga bega kwa bega mpaka vichochoro vya kuingilia ufuoni vimebanwa na bahari yenyewe haionekani kutoka barabarani. Wana hata jina la zile nafasi zilizobaki: madirisha ya bahari. Lakini kijana wa Bridgetown akitandika taulo mbele ya hoteli ya dola elfu kwa usiku, hakuna wa kumwinua kisheria.

Mwajua kwa nini nalisema hili. Kwetu pia ufuo si wa hoteli, lakini njia za kuufikia zimekwenda wapi? Mimi mwenyewe nimesimamishwa na askari wa hoteli moja ya pwani yetu, sitaitaja, nikitembea na wanangu kwenye mchanga niliouchezea utotoni. Akaniuliza, "Mzee, mwaenda wapi?" Kwa hivyo nilipokuwa nikimtafutia mamangu hoteli upande wa pili wa dunia, hili lilikuwa sharti la kwanza kabla ya kitanda: tukae pahali ambapo ufuo una wenyeji. Kusini ndiko kwenye sifa hiyo zaidi. Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, utawaona wazee wa Kibajani wamesimama majini mpaka kifuani, kofia kichwani, wakizungumza mambo yao kana kwamba wako barazani. Mamangu siku ya pili alishawajua kwa nyuso. Lugha hawakuelewana, kupungiana mikono walielewana.

Na hilo latuleta kwenye swali la kila kitu ndani. Wakala mmoja alikuwa ameshampa kakangu bei: chumba, chakula, vinywaji, michezo, bakshishi, vyote kwa malipo ya mara moja, na kikuku cha plastiki mkononi. Mtindo huu ulishika kasi Jamaika, ambako Sandals walifungua hoteli yao ya kwanza Montego Bay mwaka 1981, kisha ukaenea visiwa vyote, na kwetu Diani pia twaujua. Sitasema ni mtindo mbaya. Mwenye watoto wanaokula kila saa na asiyetaka kushika mfuko likizo nzima hupumzika nao. Lakini tufanye hesabu kama watu wa mapokezi.

Bei ya kila kitu ndani hupangwa kwa kukisia mgeni wa wastani atatumia nini, na huyo mgeni wa wastani anywa pombe. Barbados ni nchi ya ramu. Kiwanda cha Mount Gay kina karatasi za mwaka 1703. Vikombe vya rangi rangi wanavyopewa wageni tangu asubuhi vimo ndani ya ile bei, uvinywe usivinywe. Watu kumi na mmoja wasiokunywa, kwa siku kumi, wawalipia watu wengine karamu. Kama kuna suala la kidini hapo waulizwe wanazuoni; mimi nasema hesabu tu. Halafu kuna meza ya chakula. Nimesimama karibu na meza hizo miaka mingi. Koleo moja lashika soseji ya nguruwe, likapumzika kwenye kuku, likarudi. Hakuna mwenye nia mbaya, ni shughuli tu. Na tena hoteli nyingi za mtindo huu ni za watu wazima pekee. Sandals walizo nazo pale St. Lawrence Gap, kwa mfano, hazichukui watoto. Mtu aweza kulipia bila kulisoma sharti hilo, kwa sababu limeandikwa kama sifa, si kama katazo.

Lakini sababu yangu kubwa ni kile kikuku. Mgeni akishakivaa, kila shilingi anayoitumia nje aiona ni hasara, basi hatoki. Mwenye dafu nje ya lango hauzi, mwenye samaki hauzi, dereva hapati abiria. Tumeyaona haya kwetu, na wenye vioski wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa na mtu.

Tukachagua fleti zenye jiko, tatu katika jengo moja dogo pale Worthing, si hoteli kubwa. Kusini nyumba za namna hii ni nyingi, nyingine zamilikiwa na familia za hapo hapo na mwenyewe ndiye anayekupokea. Supamaketi ilikuwa hatua chache. Ukiingia humo tayarisha moyo, kwani sehemu kubwa ya chakula cha kisiwa hiki chatoka ng'ambo na bei zake zafuata meli. Ila samaki ni wao. Oistins kuna soko la samaki, na usiku wa Ijumaa uwanja mzima hujaa moshi wa kuchoma, muziki na watu, wenyeji na wageni pamoja. Sisi tulikwenda mapema, tukala, tukaondoka kabla mambo hayajachanganya.

Hapa niweke tahadhari za chakula, kwani ndizo zilizoniletea maswali mengi niliporudi. Ukiona kwenye orodha ya chakula samaki aitwaye dolphin, usishtuke. Si pomboo. Ni yule samaki wetu falusi. Mamangu alikataa kata kata mpaka alipoletewa kichwa akakiona. Chakula chao cha taifa ni samaki arukaye pamoja na cou-cou, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia. Ndiyo, ugali wa bamia. Mtoto wa kakangu aliyekulia London alikiita kigeni, sisi wengine tukacheka. Wana wali wa mbaazi pia, lakini huo uulizie, kwa sababu desturi yao ni kuukoleza kwa mkia wa nguruwe wa chumvi na kwa macho hutaujua. Siku za Jumamosi chakula maarufu ni viazi vitamu na nyama ya nguruwe iliyotiwa ndimu, kila kona. Na keki na michuzi mitamu huenda imetiwa ramu. Uliza bila haya. Ni watu wastaarabu na hujibu vizuri. Nyama yenye kuchinjwa kihalali wenyeji wetu walituonyesha pa kuipata Bridgetown, tukawa twapika wenyewe.

Kwani Waislamu wapo, japo ni wachache mno. Walianza kufika mapema katika karne ya 20, wafanyabiashara kutoka Bengal na kisha Gujarat, wakitembeza vitambaa nyumba kwa nyumba kwa mkopo wa wiki kwa wiki. Msikiti wa Jama uko Kensington New Road, Bridgetown, si mbali na uwanja wa kriketi. Hii ni sababu nyingine ya kukaa kusini-magharibi. Kutoka Worthing kwenda mjini kuswali Ijumaa ni safari fupi ya gari la abiria. Magari hayo meupe yenye mstari wa damu ya mzee huitwa ZR, na nambari 11 ndiyo ipitayo barabara ya kusini. Nauli ilikuwa dola 3.50 za kwao. Muziki ni juu, mwendo ni mbio, abiria wabanwa. Nilijihisi niko Likoni.

Kibla cha kule si kaskazini kama tulivyozoea. Ni mashariki ukipinda kiasi kuelekea kaskazini, na chumbani hakuna mshale wa kukuonyesha, kwa hivyo ijue kabla hujafika. Vyooni hakuna mfereji wa kujisafishia. Chukua kopo. Nasema hili nikijua kuna watakaocheka, lakini watakaosafiri watanishukuru. Na kama kuna wanawake wanaotaka kuogelea kwa stara, uliza nyumba yenye ua na kidimbwi chake peke yake; zipo, na zikigawanywa kwa watu kumi si ghali kama zionekanavyo kwa mmoja.

Turudi kwenye ujanja wa matangazo. Chumba kikiitwa cha mbele ya bahari, waamka na bahari. Kikiitwa cha kuona bahari, huenda waiona ukisimama kwenye kona ya roshani na kuinama. Kikiitwa cha bustani, chaelekea maegesho yaliyopandwa maua. Huko kusini angalia pia kama hoteli iko upande wa bahari au ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara ni nafuu sana na kwa vijana haina shida, ila kwa mzee na watoto kila kwenda baharini ni kuvuka magari. Picha ya kidimbwi iliyopigwa kutoka juu bila kuonyesha kinachopakana nacho, jiulize kinachopakana ni nini. St. Lawrence Gap nayo ni mtaa wa mabaa. Mchana wapendeza, usiku halala mtu mpaka alfajiri, na si kila tangazo la chumba cha pale litakutajia hilo.

Bei uiulize mara mbili. Kwanza, dola ya nani? Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani tangu mwaka 1975, mbili kwa moja, na zote mbili hutumika madukani. Kitu cha 80 chaweza kuwa 40 au chaweza kuwa 80 kweli. Pili, je, hiyo ndiyo jumla ya mwisho? Juu ya bei ya chumba huja kodi, ada ya huduma ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, na tozo ya serikali ya kila usiku kulingana na daraja la malazi. Mwenye nyumba mwema atakuandikia jumla moja. Teksi za huko hazina mita, zina bei zilizopangwa kwa maeneo, hivyo mkubaliane kabla hujapakia mzigo. Uwanja wa ndege wa Grantley Adams uko kusini-mashariki, na kufika Worthing ni kama nusu saa, kufika Speightstown ni safari.

Wakati nao una bei yake. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili Wazungu wakimbia baridi, na vyumba hupanda. Mwanzo wa Agosti ni kilele cha tamasha la Crop Over, mabarabara hujaa, na asiyependa kelele asiende. Bei hushuka kuanzia Juni, lakini Juni mpaka mwisho wa Novemba ndio msimu wa tufani. Barbados, kwa kuwa iko mbali mashariki, hupigwa mara chache kuliko visiwa vingine. Baada ya tufani Janet ya mwaka 1955 ilichukua mpaka Elsa, Julai 2021. Mara chache si kamwe. Tarehe 1 Julai 2024 tufani Beryl ilipita kusini ya kisiwa na mawimbi yake yakavunjavunja mashua za wavuvi wa Bridgetown na Oistins. Timu ya kriketi ya India, iliyokuwa imetoka kuchukua kombe la dunia pale pale Bridgetown siku mbili kabla, ilifungiwa hotelini mpaka uwanja wa ndege ulipofunguliwa. Kama mabingwa wa dunia walikwama, wewe na mimi tununue bima. Na uulize hoteli ina jenereta na tangi la maji, kama unavyouliza hapa. Maji ya mfereji kwa siku za kawaida hunyweka, yachujwa na mawe ya matumbawe.

Kabla ya kulipa chumba, maliza habari ya njia. Kuingia Barbados kwa pasipoti ya Kenya kwa ziara fupi hakuhitaji viza, lakini hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Utapita London au Amerika ya Kaskazini au mji mwingine wa Ulaya, na hapo ndipo viza ya kupita tu hugharimu na kuchelewa. Sisi tuliotoka Mombasa tulikuwa tayari na ya Uingereza kwa ajili ya nikahi. Wewe kama yako haijatoka, shika chumba kinachofutika bila hasara, hata kama kwa usiku kimezidi dola kumi, na usimtumie mtu fedha zote kwa ahadi ya punguzo.

Soketi za kule ni za Kimarekani, matundu mawili bapa, na umeme wao ni volti 115. Adapta za simu nunua hapa hapa. Birika la umeme la nyumbani liache, kwani mamangu alibeba lake, na chai ya saa kumi ilichemka karibu na Maghrib.